Mwadhini na Wanyama Wake wa Soksi

Mwadhini wetu wa Rumonge alikuwa na sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia, na mimi nimewahi kulala jirani na punda wa Ujiji. Ilianzia chini kooni, ikapanda kidogo, ikakwama puani, kisha ikashuka mahali ambapo hakuna aliyeitegemea. Watu waliokaa karibu na msikiti waliapa kwamba hawajawahi kuisikia alfajiri. Wavuvi waliokuwa ziwani walisema huko inafika vizuri sana, tena ndagala nao wanaisikia, ndiyo maana wanakimbia nyavu.

Hakuna aliyefikiria kumtoa. Sauti nzuri zilikuwapo mtaani, lakini saa hiyo zilikuwa zinakoroma. Yeye peke yake ndiye aliyeamka bila kuamshwa, akatawadha kwa maji baridi, akasimama mlangoni pa msikiti na kuutangazia mji kwamba swala ni bora kuliko usingizi. Mji ulijigeuza upande wa pili.

Asubuhi alipita nyumba kwa nyumba na swali lile lile. Aliniuliza, "Dobi, ulinisikia?" Nami nikajibu kwamba nilimsikia vizuri. Nadhani mtaa mzima tulimjibu hivyo, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia ukweli, na uongo wa namna hiyo haumpunguzii mtu kitu. Alifurahi, akaenda kunywa maji ya tangawizi ili kuitunza sauti yake. Aliitunza kweli. Mbuzi wakiingia shambani hakuwafokea, asije akaharibu koo. Alimwita mkewe awafokee.

Mkewe, ambaye mimi nilimwita shemeji, ndiye aliyekuwa na sauti. Alikuwa mwanamke wa maneno makali, mnene wa mikono kwa sababu ya kukamua mawese, na akiita mtu Rumonge, mtu wa kijiji cha Kizuka alisimama aangalie nyuma. Nilipata kumwambia mwadhini kwamba Mungu aliwachanganya siku ya kugawa makoo. Hakunisemesha mpaka Ijumaa.

Mimi nilikuwa dobi wa Wadachi. Wajerumani, nasema, lakini sisi tuliwaita Wadachi. Daktari wao alikuwa amekuja kwa ajili ya ugonjwa wa malale, akajenga kambi kando ya ziwa, na mimi nikapewa nguo zake na za wasaidizi wake. Dobi anamjua mtu kuliko mkewe anavyomjua, na mimi naweza kusema kwamba Mdachi ni kiumbe anayechakaza soksi. Alivaa za sufu nzito, ndefu mpaka gotini, katika joto lile, akiogopa mbung'o wasimuume. Mbung'o walimuuma shingoni. Soksi zikatoboka visigino, akanitupia, nami nikawa na rundo la soksi za kijivu nisizojua nizifanyie nini, kwa sababu sisi tulivaa ndala na miguu yetu ilikuwa mizima.

Mwadhini aliziona kwenye kamba yangu. Akaomba moja, akaingiza mkono ndani, akakunja vidole, soksi ikamtazama. Nakumbuka alicheka peke yake. Tangu siku ile soksi zangu hazikukaa.

Kazi ya mwadhini, ukiiangalia, ni kungoja. Anaita kwa muda mfupi, kisha anangoja mpaka wakati mwingine wa kuita. Wenzake wa miji mingine walijaza nafasi hiyo kwa umbea. Huyu wetu alishona. Ncha ya soksi, penye vidole, aliifanya pua. Kisigino kilichojikunja kilikuwa makalio, kimezibwa tundu kwa kiraka. Sehemu ndefu ya juu aliipasua katikati, akashona kila upande, ikawa miguu miwili ya nyuma. Ya mbele na masikio alikata kwenye soksi ya pili. Hakuuza hata mnyama mmoja, wala hakutaka kusifiwa kwa ajili yao. Sifa alizitaka kwa sauti. Wanyama walikuwa wa kupitisha muda tu, akimaliza mmoja anampa mtoto yeyote anayepita, hata kama mtoto alikuwa anapita kwenda kulia kwa jambo lingine.

Wote walitokea viboko. Alikusudia swala, akatoka kiboko. Alikusudia paka, akatoka kiboko mwenye mkia. Mara moja nilipata jozi yenye mistari, tukasubiri kwa hamu tumwone punda milia, akatoka kiboko aliyevaa fulana. Mwenyewe hakukubali. Alikuonyesha kile kitu na kukuuliza kwa utulivu kama hujawahi kuona twiga aliyelala.

Wale wa mwanzo aliwajaza makapi ya mawese, zile nyuzi zinazobaki baada ya mkewe kukamua mafuta. Makapi yalikuwa mengi na hayakuwa na gharama. Lakini makapi hayaishi mafuta, na siafu hawahitaji mwadhini wa kuwaita. Siku ya Ijumaa alikwenda msikitini na mnyama mfukoni mwa kanzu, amemaliza kumshona muda mfupi kabla ya adhana. Tulipokuwa tumesimama safu, nikaona mstari mweusi unapanda kutoka mlangoni, unapita kwenye mkeka, unaingia chini ya kanzu yake. Alivumilia rakaa ya kwanza. Katika ya pili aliporukuu alitoa mlio, na nakiri kwamba ulikuwa mlio mzuri kuliko adhana zake zote. Kuanzia hapo alijaza usufi wa mti.

Hizo soksi zilimpa shida nyingine ya kidini, maana alikuwa mtu wa kuogopa najisi kupita kiasi. Mdachi anakula nguruwe, alisema, kwa hiyo soksi ya Mdachi ina walakini. Alitaka niifue mara saba, moja kwa udongo, kama chombo kilichorambwa na mbwa. Nilimwambia kwamba nimemtazama Mdachi akila, wala hali kwa miguu. Hakukubali. Tulibishana mpaka nikachoka, nikamwambia nimezifua hivyo anavyotaka, na yeye akaziamini. Mtu yule yule aliyeogopa soksi alikuwa akiazima tumbaku yangu kila siku na kusahau kuirudisha, na hilo halikumkosesha usingizi.

Sasa nije kwenye macho.

Mwalimu wa chuo chetu cha Kurani, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho msikitini, alimkuta siku moja na mnyama mkononi. Akamkumbusha kwamba anayetengeneza sanamu ya kiumbe ataambiwa siku ya Kiyama aipulizie roho, na hataweza. Mwadhini aliogopa kweli. Lakini mwalimu naye alikuwa mtu wa watu, na wanawe watatu walilala na viboko wa soksi, hivyo akatafuta njia. Akasema kiumbe asiye na macho si kiumbe, ni mto wa kulalia wenye masikio. Ashone, lakini asitie macho.

Mwadhini alishika hilo kwa mikono miwili. Alishona wanyama vipofu, akaniletea, na mimi nikawatia macho. Nilikuwa na mkebe umejaa vifungo, kwa sababu shati la Mdachi likipigwa juu ya jiwe huwa linatema vifungo. Macho hayakulingana hata siku moja, moja kubwa na jingine dogo. Daktari alitembea kifua wazi na watoto wa Rumonge walitazamwa na vifungo vyake. Nilimwuliza mwadhini itakuwaje Kiyama, soksi zikiwa za Mdachi, mwili wake yeye na macho yangu. Akasema kwa uso mkavu kwamba kila mtu ataulizwa kipande chake.

Mkewe alituona wote wawili wajinga. Hakumgusa mnyama hata mmoja. Aliwaita takataka za miguu, na kapu la wanyama alilisukuma kwa fagio kama linamzuia kupita. Aliniambia mbele ya mumewe, "Shemeji, wanaume wengine iko wanajenga nyumba. Huyu wangu iko anajaza soksi." Mwadhini alitabasamu na kuendelea kupitisha uzi.

Halafu shemeji akaanza kulala.

Mwanzoni tulicheka. Alilala akichambua ngazi, yale matunda ya mchikichi, alilala chungu kikiungua mbele yake. Siku moja alikuwa ananitukana kwa sababu ya mbuzi wangu, matusi mazuri yaliyopangwa, akalala katikati ya tusi. Nilisimama pale nikingoja limalizike. Halikumalizika. Hapo sikucheka tena, niliogopa, na nilipomtazama mwadhini nikaona alikuwa ameogopa tangu zamani.

Wengi siku hizo waliwaficha wagonjwa wao milimani, kwa sababu daktari alipita akiminya watu shingo kutafuta tezi zilizovimba, na aliyekutwa nazo alikwenda kambini kupigwa sindano. Sindano ile iliwaamsha baadhi ya watu. Baadhi iliwaamsha ikawachukua macho. Daktari mwenyewe alijua, wala hakufurahia. Dawa aliyokuwa nayo ndiyo hiyo. Mwadhini hakumficha mkewe. Alimpeleka mwenyewe, akimshika mkono, na watu wakasema amemuuza kwa Mdachi. Aliyasikia njia nzima.

Wagonjwa hawakuruhusiwa kutoka, na jamaa walisimama nje ya uzio saa za mchana. Mwadhini alikwenda kila alipopata nafasi kati ya adhana mbili, na kwa kuwa mkewe mara nyingi alikuwa amelala, aliwagawia wanyama watoto wa kambi, wale niliokwisha kuwatia macho. Daktari alimkuta mtoto mmoja na kiboko, akaitambua soksi yake, akavitambua na vifungo. Mimi nilikuwa pale na nguo zilizopigwa pasi, nikajiandaa kukimbia. Akamchukua yule kiboko, akamminya shingo kwa vidole viwili kama alivyotuminya sisi sote, akafikiri, akasema kwa Kiswahili chake, "Huyu mzima." Kambi nzima ilicheka. Mwadhini alicheka pia, halafu akaangalia upande aliolala mkewe.

Shemeji alirudi nyumbani baada ya mvua ndefu. Alikuwa macho, na ulimi wake ulikuwa umerudi na makali yote. Alilimaliza hata lile tusi langu. Lakini alikuwa haoni.

Mtu mwenye mikono ile, hajazoea kukaa. Alikaa mlangoni, akapapasa huku na huku atafute cha kufanya, na siku moja nikiwa pale nimekuja kuchukua tumbaku yangu, mkono wake uliangukia kwenye lile kapu alilolipiga fagio miaka yote. Akatoa mnyama. Mwadhini alikuwa amemmaliza siku hiyo, bado hajaniletea. Shemeji alimpapasa makalio, akampapasa miguu, akafuata mgongo mpaka masikio, akateremka usoni. Vidole vikaenda huku na huku kwenye soksi tupu, vikatafuta, vikarudi.

"Huyu naye," akasema, "walimupiga sindano?"

Alisema kwa utani. Nilimjua, ule ulikuwa utani wake. Mimi nilitazama chini. Mwadhini aliacha kushona, akakaa na uzi mdomoni, na sikuwahi kumwona mtu akiumizwa namna ile na maneno yasiyokusudia kumuumiza.

Alinifuata kwangu jioni ile ile, akaomba vifungo viwili vinavyolingana. Nilimwambia amlete mnyama, nitamtia macho kama siku zote. Akakataa. Alitafuta mwenyewe kwenye mkebe, akachagua taratibu, akaenda kuvishona mwenyewe mbele ya mkewe, akimpa aguse kila kimoja. Shemeji akasema jicho la kushoto limekaa juu kidogo. Mumewe akalifumua, akalishusha. Tangu hapo kila mnyama aliyetoka mikononi mwake alitoka na macho yake yote mawili, na akaniambia nisijisumbue tena.

Mambo hayo hayakufichika, kwa sababu hakuyaficha. Mwalimu alimwita baada ya swala ya adhuhuri, na sisi wengine tukachelewa kuvaa viatu makusudi. Mwalimu hakuwa na ukali. Alimwambia kwamba mlango wa rehema ni yeye mwalimu aliyemfungulia, lakini mtu anayetia macho sanamu hadharani hawezi kusimama kuwaita Waislamu, watu watasema nini. Alimwomba jambo dogo tu. Afumue yale macho, aendelee na kazi yake, na yaishe.

Nataka ieleweke mwadhini alikuwa anaombwa nini. Mtu huyu hakuwa na cheo kingine wala sifa nyingine duniani. Alikuwa na ile adhana mbaya, na swali lake la asubuhi, na sisi tunaomdanganya. Nilimwombea afumue. Vifungo viwili ni nini? Mimi ningevirudisha mwenyewe baadaye, kama zamani, na kila mtu angeulizwa kipande chake.

Akasema, "Mwalimu, macho kungolewa nimeshaona kwa nyumba yangu. Mimi siwezi kungoa ingine."

Alfajiri iliyofuata aliadhini kijana mmoja mwenye sauti tamu, akachelewa, na alasiri akasahau kabisa. Mwadhini wetu alisali safu ya nyuma na kwenda zake. Shemeji alipopata habari alimtukana vizuri, akamwita mjinga wa ukoo wa wajinga, na mchana kutwa alikuwa amempakata yule mnyama.

Baadaye ikaja vita, Wadachi wakaondoka na soksi zao, wakaja Wabelgiji. Mimi nilihamia mji wa Usumbura kufuata nguo chafu zilikokwenda, nikakaa huko miaka. Niliporudi kutembea Rumonge niliambiwa kwamba wawili wale wamehamia Kizuka, kwenye michikichi ya ndugu wa mke. Nikafungasha soksi nilizozikusanya, nikaenda kuwaona.

Niliwakuta wamezeeka, mwadhini zaidi ya mkewe. Shemeji alikuwa akichambua mawese kwa kupapasa, haraka kuliko wenye macho, na alinitambua kwa kikohozi. Alinisalimu kwa Kirundi, "Amahoro, shemeji. Bado unafua wazungu? Hawajaisha uchafu?" Mwadhini alizipokea soksi, akazinusa, akaniuliza kama nimezifua mara saba. Nikamwambia ndiyo. Aliniamini tena, Mungu anisamehe. Tangu Wadachi waondoke alikuwa akishona kwa mikono ya kanzu kuukuu, na hata kanzu, nikaona, ilikuwa ikitoa viboko.

Tulivuta tumbaku, yangu. Nikamwuliza jambo lililokuwa limenikaa moyoni miaka yote, kama haogopi. Wanyama wote wale wamejaa pwani nzima, na macho ametia mwenyewe. Siku atakapoambiwa awapulizie roho atafanyaje?

Alifikiri. "Nitapuliza," akasema.

"Na wasipoamka?"

"Dobi, Mungu ananijua. Pumzi yangu Rumonge haikuamusha mutu hata mumoja. Atasema, huyu ni kawaida yake."

Ndipo nilipojua kwamba alijua. Asubuhi zote zile alizotuuliza kama tulimsikia, alijua, na aliuchukua uongo wetu kwa adabu ili tusione haya. Nilijisikia mdogo, na nilimpenda sana.

Jua lilipozama aliinuka, akanawa, akatoka uani. Huko Kizuka hapakuwa na msikiti wala mtu wa kumkataza, kwa hiyo alisimama kati ya michikichi, akaweka mikono masikioni, akaanza. Miaka haikuwa imeitengeneza ile sauti. Ilipanda, ikakwama puani pale pale. Kuku walihama.

Shemeji alikuwa ameacha kuchambua. Aliinama upande wangu na kushusha sauti yake, jambo ambalo sikujua kwamba analiweza.

"Kule kambini," akasema, "walikuwa wanalala wanakufa. Mimi pia nilikuwa naenda. Lakini kila alfajiri ile kelele inafika, kwenye maji inapita vizuri. Anasema swala ni bora kuliko usingizi. Shemeji, na ile sauti, nani angelala? Nilikuwa naamuka kwa hasira."

Nikamwuliza kama amewahi kumwambia mumewe. Akashangaa kwamba naweza kuuliza jambo kama hilo. Alipapasa chini, akamwokota mnyama aliyekuwa karibu na goti lake, wa kijivu, amechakaa, vifungo vyake viwili vikiwa sawasawa, akamweka mapajani.

"Usimwambie," akasema. "Ataongeza sauti."